Mawe Kumi na Moja

Watu wazungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu hukumbuka kwanza ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Mimi mwenyewe ni mtu wa mashairi, wala sina ugomvi na ngoma. Lakini nimekaa Makongolosi muda wa kutosha kuona ya kwamba ipo sanaa nyingine ambayo hatujaipa heshima yake, nayo ni sanaa ya kubishana juu ya timu ya taifa ya kandanda: nani aitwe, nani aachwe, nani acheze wapi, na kocha alikosea dakika ya ngapi. Sanaa hii haina kiingilio wala jukwaa. Ina mafundi wake, ina sheria zake, na wapo watu waliovunja urafiki wa miaka kumi kwa sababu ya beki wa kushoto.

Kwa msomaji asiyefika huku, Makongolosi iko kaskazini ya mji wa Chunya, kiasi cha kilometa 39, katika njia itokayo Mbeya kuelekea Rungwa na Itigi. Ukitoka Mbeya mjini umevaa sweta, utalivua kabla hujafika Chunya. Ni nchi ya miombo, jua na vumbi. Dhahabu ya Lupa ilianza kuwavuta watu tangu miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 walimiminika kutoka kila upande. Wajukuu wa wengine wao bado wapo, wakichimba karibu na mashimo ya babu zao. Wakimbu na Wabungu ni wenyeji, lakini kwenye foleni moja ya maji utawakuta pia Wasafwa, Wanyakyusa, Wanyiha, Wanyamwezi, Wasukuma na Wahehe. Watu wa namna hii wana mambo machache sana ya pamoja. Wana Kiswahili, wana bei ya dhahabu, na wana Taifa Stars.

Mahali pa mabishano ni kando ya kibanda cha chai, hatua chache kutoka kwenye makarasha ya kusagia mawe. Makarasha yakinguruma, watu hubishana kwa kupiga kelele. Umeme ukikatika na makarasha yakanyamaza, watu huendelea kupiga kelele vilevile kwa mazoea. Vijana hupaita kijiwe, na jina hilo lafaa mara mbili, kwa kuwa mabishano yetu hufanywa kwa mawe. Mbele ya benchi, mchangani, hupangwa mawe kumi na moja kwa sura ya timu inayojadiliwa. Mlinda mlango ni kipande cha tofali. Mabeki ni mawe mazito. Mchezaji anayependwa kuliko wote hupewa jiwe jeupe, lile ambalo mchimbaji hulitazama mara mbili kabla ya kulitupa. Kwa miaka mingi jiwe hilo limekuwa Mbwana Samatta, na siku alipoanza kusemwa kwamba amechoka, mtu mmoja alilichukua akalitia mfukoni ili lisipewe mwingine.

Sheria za kijiwe hazikuandikwa, lakini zafuatwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Aliyeitazama mechi yote humzidi aliyesikia matokeo. Mchezaji aweza kusemwa miguu yake, asisemwe mama yake. Kocha aweza kusemwa chochote. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote ni hii: anayetoa jiwe sharti aweke jiwe. Huwezi kusimama ukasema fulani hafai, kisha ukaketi ukanywa chai. Ukimtoa, mtaje atakayeingia, na umtetee huyo mbele ya watu wote mpaka wakushinde au wachoke. Nimehudhuria vikao vingi vya kazi katika maisha yangu ya utumishi, na nimetamani mara nyingi sheria hiyo ingeletwa huko.

Fundi mkuu wa kijiwe ni mzee mmoja anayetengeneza makarasha, ambaye amevuka miaka sabini. Kipimo chake cha kila kitu ni timu iliyokwenda Lagos mwaka 1980. Kuhusu timu hiyo mimi nami nina kumbukumbu yangu. Agosti 1979 nilikuwa mtoto wa miaka minane, vita vya Kagera vimekwisha juzijuzi tu, na watu wazima wa mtaa wetu walikuwa wamejikusanya kuizunguka redio kama waotao moto. Tulikuwa tumeifunga Zambia bao 1 kwa 0 Dar es Salaam, na sasa timu zilikuwa Ndola. Zambia walikuwa mbele. Mechi ikikaribia kwisha, Peter Tino akasawazisha, na mwanamume mmoja jirani yetu, mtu mkimya ambaye sikupata kumwona akicheka, alikimbia mpaka barabarani bila viatu. Kwa sare hiyo tukaenda fainali za Afrika kwa mara ya kwanza.

Mzee huwataja watu wa kikosi kile kama atajaye ndugu zake: Pondamali na Mambosasa mlangoni, Tenga, Jella Mtagwa, Kajole, Tino, Thuwein. Huyataja na majina ya nafasi zao kwa lugha ya zamani. Kwake kuna sentahafu, kuna insaidi kulia, kuna sentafowadi. Vijana wao husema namba nne, namba sita, namba tisa, kiungo mkabaji. Mara nyingi nimewasikia wakibishana robo saa nzima, kumbe wanasema jambo lilelile kwa misamiati ya vizazi viwili.

Siku moja kijana mmoja, mchenjuaji wa dhahabu, alimjibu mzee kwa hesabu. Akasema: "Shikamoo babu, lakini timu yako ya Lagos ilifungwa na Nigeria 3 kwa 1, ikafungwa na Misri 2 kwa 1, ikatoka sare na Ivory Coast. Alama moja tu. Unatusumbua miaka yote hii kwa alama moja?" Watu wakacheka. Mzee hakukasirika. Alingoja kicheko kiishe, kisha akauliza: "Marahaba, mjukuu wangu. Fainali zile zilikuwa na timu ngapi?" Zilikuwa nane. "Na hizi zenu?" Ni 24. "Basi sisi tulikuwa miongoni mwa wanane wa Afrika nzima. Ninyi kwanza ingieni kwenye wanane, ndipo mje tuhesabu alama." Mimi nilimpa mzee ushindi siku ile, ingawa yule kijana angali anadai kwamba swali lake halikujibiwa.

Baada ya Lagos tulingoja miaka 39. Ngojangoja hiyo ndiyo iliyoyalisha mabishano, maana timu inayoshinda haijadiliwi sana, hushangiliwa tu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wengi walisema ugonjwa ni Simba na Yanga: kwamba kikosi cha taifa hugawanywa kama nyama ya sikukuu, kila ukoo upate fungu lake. Maneno haya nimeyasikia tangu ujana, na sidhani kama ni ya uongo mtupu wala kama ni ya kweli tupu. Jambo ninaloliona mimi ni kwamba msemaji hulalamikia ukoo wa pili tu. Mwaka 2018, kocha Emmanuel Amunike alipowaacha wachezaji kadhaa wa Simba waliochelewa kuripoti kambini kabla ya mechi na Uganda, nusu ya kijiwe ilisema hatimaye amekuja mtu wa nidhamu, na nusu ya pili ikasema ametumwa. Machi 2019 tuliifunga Uganda hiyohiyo mabao 3 kwa 0, wafungaji wakiwa Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, nasi tukaenda Misri. Nyoni alikuwa mchezaji wa Simba. Basi nusu ya pili nayo ikapata la kusema. Kule Misri tulifungwa mechi zote tatu, na Kenya, majirani zetu, wakatufunga 3 kwa 2 baada ya sisi kutangulia mara mbili. Juu ya mechi hiyo sitaandika. Ilikwisha jadiliwa.

Nitaandika juu ya usiku wa tarehe 21 Januari 2024, kwa sababu usiku huo nilijifunza kitu.

Tulikuwa tumebanana katika kibanda umiza, watu mia na zaidi mbele ya televisheni moja, kila mtu na jasho la mwenzake. Tanzania ilikuwa ikicheza na Zambia mjini San-Pédro, Ivory Coast, katika fainali za Afrika. Mechi ya kwanza tulikwisha fungwa na Morocco 3 kwa 0. Baada ya hapo kocha Adel Amrouche alifungiwa mechi nane na Shirikisho la Afrika kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco, na timu ikaachwa mikononi mwa Hemed Suleiman, ambaye, kwa kichekesho cha majaliwa, jina lake la utani ni Morocco. Dakika ya 11 Msuva akafunga. Dakika ya 44 Mzambia mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu. Tulikuwa hatujapata kushinda mechi hata moja katika fainali hizo tangu 1980, na sasa tulikuwa na bao, tulikuwa na mtu mmoja zaidi, na tulikuwa na kipindi kizima cha pili.

Msomaji wa mpira anajua kilichotokea. Dakika ya 88 ilipigwa kona, Patson Daka akaruka, akasawazisha kwa kichwa. Katika kibanda hakuna aliyesema neno. Mwenye kibanda alizima televisheni, kisha akaiwasha tena, kana kwamba kosa lilikuwa la televisheni.

Usiku ule hakuna aliyekwenda kulala. Mawe yalipangwa kwa mwanga wa simu. Mzee fundi alishika fimbo akasema kosa lilikuwa kurudi nyuma. Kwa hoja yake, timu yenye watu kumi na moja mbele ya watu kumi haipaswi kulinda lango. Yapaswa kuuficha mpira. Aliyasogeza mawe moja baada ya jingine akaonyesha jinsi wachezaji walivyoteremka, mpaka mawe tisa yakawa yamelaliana karibu na lile tofali. "Tazameni," akasema. "Hapa hata ukiwaondolea wachezaji wengine watatu bado watakufunga, maana mmewaita wenyewe sebuleni." Kijana mchenjuaji alisema hapana, nguvu ziliisha, na kocha alipaswa kubadilisha wachezaji mapema. Aliulizwa: umtoe nani, umwingize nani? Alimtaja wa kutoka haraka. Wa kuingia alimtafuta muda mrefu. Ndipo mama muuza chai, ambaye alikuwa akisuuza vikombe na ambaye hatukujua kuwa anasikiliza, akasema: "Mnamhukumu mtu aliyekabidhiwa nyumba juzi, na mapishi yalikuwa jikoni tayari. Kikosi si chake, kambi si yake. Ninyi mngepewa karasha la mtu likiwa katikati ya kusaga, mngejua kama nati imelegea wapi?" Mzee alimtazama, akaweka fimbo chini. Yeye ni fundi wa makarasha. Mfano ule ulimwingia.

Siku chache baadaye tulitoka sare 0 kwa 0 na Kongo, tukarudi nyumbani na alama mbili. Kijana mmoja alipiga hesabu juu ya boksi la kiberiti: kama tungelinda lile bao la Msuva, tungekuwa na alama nne, na kwa kuwa Kongo walitoka sare mechi zote tatu wakapita wa pili kwa alama tatu, nafasi ya pili ingekuwa yetu. Alilibandika boksi lile ukutani mwa kibanda cha chai. Lilikaa hapo mpaka mvua ilipolibandua.

Hapo yafaa niseme habari za mgeni mmoja, mhandisi kutoka India aliyekuja kufunga mitambo ya kuchenjulia. Alizoea kunywa chai pale na kutazama mawe bila kuelewa. Alipofasiriwa, alifurahi mno, akasema kwao Kolkata watu hufanya hivyohivyo kwa ajili ya kriketi, ile ya kimataifa inayochezwa siku tano. Akatueleza kwamba katika mchezo huo timu huteuliwa asubuhi ya siku ya kwanza, na waliochaguliwa kumi na moja ndio hao. Wa akiba aweza kuingia kudaka tu, asiruhusiwe kupiga wala kurusha, isipokuwa kwa mtu aliyeumia kichwani, ruhusa iliyotolewa mwaka 2019. Kwa hiyo watu hukiangalia kiwanja kwanza. Kikiwa kikavu, husema aongezwe mrushaji wa mpira unaozunguka; kikiwa na majani, husema aongezwe mrushaji wa kasi; na kamati ikikosea, taifa zima hukaa siku tano likilitazama kosa lilelile. Mzee aliposikia hayo alitikisa kichwa kwa huruma. "Siku tano!" akasema. "Mimi dakika mbili zilizobaki San-Pédro zilinitosha." Mhandisi alikumbuka pia kwamba Kenya waliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, mwaka 2003, ingawa hawajapata kupewa cheo cha kucheza hizo mechi za siku tano, na kwamba India ndiyo iliyowatoa, mjini Durban. Akaomba radhi. Tulimwambia asijali, Kenya nao walitufunga Misri.

Kuna jambo moja ambalo huko Kolkata huenda hawalijadili kwa uchungu kama sisi, nalo ni umbali. Makongolosi husemwa kwamba macho ya wateuzi yanaishia Dar es Salaam. Wazee wa Rungwe waliohamia huku huleta ushahidi wa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania mwaka 1986, timu iliyotoka kwenye migomba na baridi ikawashinda wakubwa wote wa pwani. Lakini ushahidi huo una ncha mbili, maana fundi kama Sekilojo Chambua naye ilibidi ahame Tukuyu kwenda Yanga. Wengine hulaumu wachezaji wanaoletwa kutoka ng'ambo. Alipoitwa Haji Mnoga, aliyezaliwa Uingereza, na Charles M'Mombwa, aliyekulia Australia, mtu mmoja alisema kwa hasira kwamba ndege imekuwa karibu kuliko basi la Chunya. Akajibiwa na Msukuma mmoja, mchimbaji: "Ndugu yangu, wewe ulizaliwa wapi?" Njombe. "Mimi Geita. Huyu hapa Tabora. Katika kijiwe hiki hakuna hata mmoja aliyezaliwa Makongolosi, na dhahabu yao tunachimba. Mwacheni kijana wa watu acheze." Nilitaka kuandika shairi juu ya maneno hayo, lakini yenyewe yalikwisha timia.

Mwaka 2024 lalamiko la umbali lilipata mtihani. KenGold, timu ya wilayani humuhumu Chunya, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2024/25, ikichezea nyumbani kwenye uwanja wa Sokoine, Mbeya. Wakubwa wangekuja kwetu, na macho ya wateuzi pia. Sitadanganya: msimu ulikuwa mchungu, na timu ilishuka uleule mwaka wa kwanza. Lakini Februari 2025, katika mechi ambayo Yanga waliifunga KenGold 6 kwa 1, Selemani Bwenzi aliona mlinda mlango amesogea, akaupiga mpira kutoka katikati ya uwanja ukaingia. Hapa Makongolosi bao lile moja lilishangiliwa kuliko yale sita. Jioni ile jiwe la Bwenzi liliwekwa kwenye timu ya taifa na wote waliokuwapo, na aliyeuliza atoke nani alizomewa. Ndiyo siku pekee niliyoona sheria kubwa ya kijiwe ikivunjwa.

Mzee fundi hakuipenda. Aligeukia kwangu, pengine kwa sababu nilikuwa nimenyamaza, akasema: "Ndugu Mshairi, wewe ni mtu wa ofisi. Hujapata kuteua timu?"

Nilipata. Miaka mingi iliyopita, katika wilaya nyingine niliyotumikia, nilikuwa mmoja wa wajumbe watano walioteua timu ya vijana ya kwenda mkoani. Tulipewa siku mbili za majaribio. Siku ya pili alikuja kijana kutoka machimboni, mwembamba, viatu vyake amevitia katika mfuko wa plastiki. Alikuwa winga wa mguu wa kushoto. Nusu saa aliyocheza sikuweza kumwangalia mwingine. Jioni, katika kikao, orodha ililetwa ikiwa imekwisha pigwa chapa. Jina lake halikuwamo. Niliuliza mara moja. Nikaambiwa kwamba huyo hana anayemfahamu, na kwamba watu wa machimbo hawatulii, leo yuko hapa kesho yuko kwingine. Hoja hiyo niliona si hoja. Nikatia sahihi. Asubuhi yake tulipokuwa tunapanda lori, alikuwa amesimama pale na mfuko wake, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi ndiye niliyemwambia. Alinishukuru.

Haya niliyasimulia kijiweni siku ile, nikitazama chini. Nilipoinua macho niliona kwamba watu hawakunitazama mimi. Walikuwa wakimtazama yule bwana ambaye kila siku ndiye huyapanga mawe, mtu wa mwalo, sasa ana mvi kidevuni, mpole wa maneno kuliko sisi sote. Alikuwa ameshika jiwe la winga wa kushoto. Ni yeye. Nilikuwa nimekunywa naye chai muda wote huo bila kumtambua.

"Nilikujua siku ya kwanza uliponunua chai hapa," akasema. "Sauti yako haijabadilika."

Nilimwomba msamaha kwa maneno ambayo nimeyasahau. Akayapokea kwa kichwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile aitumiayo kuuliza kama tucheze na washambuliaji wawili au mmoja: "Yule mliyemweka mahali pangu, alicheza vizuri?"

Sikuweza kumjibu. Jina la kijana yule aliyekwenda badala yake silikumbuki, wala nafasi aliyocheza. Kama nilimtazama, sikumwona. Nilisema hivyo. Kijiwe kikaguna, na sikuona haya siku zote za maisha yangu kama nilivyoona kwa mguno ule. Mchenjuaji akasema mteuzi asiyemjua aliyemteua ana makosa makubwa kuliko mteuzi mbaya. Mama muuza chai akasema afadhali aliyeuliza mara moja kuliko wale wanne ambao hawakuuliza. Mzee akasema kuuliza mara moja kisha kutia sahihi ni sawa na kutouliza. Wakaanza kubishana, juu yangu, kwa sheria zote, na yule bwana wa mwalo akawa mwamuzi. Mabishano yalidumu mpaka giza. Sikupewa hukumu, makarasha yaliwashwa na kila mtu akaenda kazini.

Tangu siku ile ananisalimu kama alivyokuwa akinisalimu, wala habari hiyo hajaitaja tena.

Mwisho wa mwaka 2025 fainali za Afrika zilikuwa Morocco, na timu yetu ilikwenda ikiwa na kocha aliyekabidhiwa muda mfupi tu kabla, Miguel Gamondi, Mwargentina aliyepata kuifundisha Yanga. Unaweza kujaza mwenyewe yaliyosemwa na watu wa Simba. Nigeria walitufunga 2 kwa 1. Tukatoka sare na Uganda. Tarehe 30 Desemba, Feisal Salum alisawazisha tukatoka sare na Tunisia, na safari hii alama mbili zilezile zilizotutoa mwaka 2024 zilitupitisha, mara ya kwanza katika historia, mpaka hatua ya mtoano. Mzee fundi alihesabu: timu 16. "Bado nane," akasema, lakini alikuwa akifuta macho. Tarehe 4 Januari 2026 wenyeji Morocco walitutoa kwa bao 1 kwa 0.

Kesho yake nilipofika kwenye chai, mawe yalikuwa yamepangwa tayari kwa ajili ya mechi ambayo haijapangiwa tarehe. Bwana wa mwalo alinipa karatasi na kalamu. Alisema kijiwe kimeazimia kuwa na orodha yake, iandikwe na kubandikwa ukutani, ili orodha ya kocha itakapotoka watu wasije wakajifanya kwamba walisema walichokuwa hawakusema. Mimi nina mwandiko mzuri, akasema. Yeye atasoma jina, mimi niandike; na kwa kila jina aliyelitoa atasimama alitetee.

Tulianza saa tatu asubuhi. Mlinda mlango alichukua nusu saa. Beki wa kulia hakuleta taabu. Tulipofika winga wa kushoto ilikuwa imetimia saa sita, jua limeshika, na majina yaliyokuwa mezani yalikuwa manne. Akaniambia niache nafasi wazi, ya upana wa majina mawili, na nisitie sahihi.

Orodha ipo ukutani hata leo, karibu na pale lilipokuwa boksi la kiberiti. Mtu amekwisha kata jina la namba sita kwa mkaa, akaandika jingine juu yake.